Mpira wa asetilini uliopasuka, regulata iliyopandishwa hadi bar 2, na pipa la kabaidi

SWALI: Nina gereji ndogo ya bodi na kuchomelea hapa Mwanza. Wiki iliyopita mpira wa gesi ulipasuka kwa kishindo karibu na tochi ya kuchomelea. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Kijana wangu anasema gesi ilikuwa dhaifu, hivyo ameunga mpira, akapandisha regulata (kifaa cha kurekebisha presha inayotoka mtungini) ya asetilini, gesi yetu ya kuchomelea, hadi bar 2, na moto sasa umetulia. Mtungi nao ni ghali, nafikiria kurudi kwenye pipa la kabaidi, yale mawe yanayotoa asetilini yakikutana na maji, tulilokuwa tunatumia zamani. Hii gesi ina tofauti gani na ya kupikia, na kosa letu liko wapi?

JIBU: Ndugu, kabla hujasoma zaidi, mwambie kijana afunge mtungi na alegeze skrubu ya regulata. Bar 2 ni presha ambayo asetilini inaweza kulipukia ndani ya mpira pasipo hewa wala oksijeni. Ukomo unaofuatwa karakana nyingi duniani ni bar 1, yaani paundi 15 kwa inchi ya mraba. Kanuni za Ulaya huruhusu hadi bar 1.5 kwa vifaa vilivyoundwa kwa ajili hiyo. Tazama geji ya upande wa kutolea gesi: kwenye regulata halisi ya asetilini, eneo la juu ya ukomo limepakwa rangi nyekundu. Kama yako haina rangi hiyo, kuna uwezekano imetolewa kwenye kazi ya gesi nyingine.

Tofauti na gesi ya kupikia inaanzia hapo. Propani na butani, yaani gesi ya kupikia, ni kuni tu: bila hewa haziwaki, na hata hewa yenyewe lazima iwe ya kiasi. Propani huwaka ikiwa kati ya asilimia 2 na 10 hivi ya mchanganyiko wake na hewa; ikizidi hapo, haishiki moto. Asetilini ni gesi ya namna nyingine. Molekuli yake ina atomi mbili za kaboni na mbili za hidrojeni, na kaboni hizo mbili zimefungamana kwa vifungo vitatu. Kuiunda kunameza nishati, kilojuli 227 kwa kila moli, na nishati hiyo haipotei bali inabaki imefungiwa ndani. Ikipata joto kali, mshtuko au presha ya kutosha, molekuli huvunjika na kurudi kuwa masizi na hidrojeni, na nishati yote ile hutoka kwa mkupuo. Hakuna kilichoungua kwa maana ya kawaida, lakini presha ndani ya chombo hupanda takriban mara kumi kwa kufumba na kufumbua. Kwenye bomba refu na jembamba hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mvunjiko huo hushika kasi kadiri unavyosafiri.

Ndiyo maana ukisoma jedwali la gesi utakuta asetilini huwaka ikiwa asilimia 2.5 hadi 81 hivi ya hewa, na vitabu vingine huandika hadi 100. Wanaoandika 100 hawajakosea, kwani asetilini tupu nayo hulipuka. Hujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 305 hivi za Sentigredi, joto ambalo ekzosi ya gari au kipande cha chuma ulichotoka kukikata huvuka kwa urahisi. Cheche inayohitajika kuiwasha ni ndogo ajabu, milijuli 0.02 au chini yake, wakati propani inataka kama milijuli 0.25. Cheche ya swichi ya taa au ya shati la nailoni linalovuliwa inatosha na kubaki.

Jambo moja linawapotosha wengi. Kwa kuwa asetilini ni nyepesi kidogo kuliko hewa (uzito wake ni kama 0.9 ya hewa), watu husema itapanda juu na kujiondokea. Gesi ya kupikia kweli hushuka na kujaa sakafuni na kwenye mitaro, lakini 0.9 si wepesi wa kutegemea. Kwenye chumba kisicho na upepo asetilini huchanganyika na hewa na kubaki palepale, hasa chini ya dari la bati. Madirisha yawe juu na chini.

Kuhusu harufu: asetilini safi haina harufu ya maana. Ile harufu kama ya kitunguu saumu mliyoizoea ni uchafu unaotokana na kabaidi, hasa fosfini na sulfidi ya hidrojeni. Pua inasaidia, ila huzoea haraka, na fosfini yenyewe ni sumu. Asetilini si sumu kali, lakini hulevya. Ujerumani katika miaka ya 1920 waliitumia hospitalini kama dawa ya usingizi ikiitwa Narcylen, hadi hatari ya milipuko ikawashinda. Fundi anayepata kizunguzungu ndani ya tangi au chini ya gari lililofunikwa turubai anavuta gesi, na atolewe nje kabla ya jambo jingine lolote.

Sasa utauliza: kama bar 2 ni hatari, mbona geji ya mtungi inaonyesha 15 au 17? Kwa sababu ndani ya mtungi gesi haikukaa huru. Miaka ya 1890, kabaidi ilipoanza kuzalishwa kwa wingi, watu walijaribu kuigandamiza asetilini kama gesi nyingine, na mitungi ikawaua. Wafaransa Georges Claude na Albert Hess ndio waliogundua kwamba asetoni huyeyusha asetilini kwa kiasi kikubwa sana: lita moja ya asetoni hubeba lita 25 hivi za gesi hata kwenye presha ya kawaida ya hewa, na presha ikipanda, hubeba mamia. Bado palibaki nafasi tupu juu ya asetoni, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Msweden Gustaf Dalén, wa kampuni ya AGA, alitengeneza tope gumu lenye vitundu vidogo mno, likijaza mtungi mzima na kunyonya asetoni kama dodoki, ili pasiwepo uwazi wowote ambao mvunjiko wa gesi unaweza kupita. Mwaka 1912 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa vali za kujiendesha zilizowasha na kuzima taa za gesi za minara na maboya ya baharini. Mwaka huohuo mlipuko katika jaribio la mitungi ulimpofusha. Mtungi ulio nao gerejini leo bado ni huo: ganda la chuma, kiini kigumu chenye vitundu, asetoni ndani ya vitundu, na gesi ndani ya asetoni.

Ukishaujua mtungi ulivyo ndani, masharti yake yanakuwa na sababu. Ukiulaza na kuutumia, asetoni hutoka pamoja na gesi: inaharibu mipira na raba za regulata, na inaacha vitundu vikavu ambamo asetilini sasa iko huru kwa presha kubwa. Ukiubwaga toka kwenye pikapu hadi kwenye kokoto, kiini hupasuka na kuacha uwazi. Ukinyonya gesi kwa kasi kuliko asetoni inavyoweza kuiachia, asetoni hufuata pia. Basi mtungi husimama wima wakati wote, umefungwa mnyororo ukutani au kwenye toroli. Ukisafirishwa umelala, usimamishe na uuache utulie kabla ya kuufungua. Saa moja ndiyo kiwango cha chini kabisa, na kama ulilala siku nzima, uache usiku kucha. Usiuviringishe kwa ubavu na usiuburute. Kuuzungusha ukiwa umeinama kidogo juu ya kitako chake kunatosha kwa hatua chache. Zaidi ya hapo tumia toroli.

Juu ya kasi ya kunyonya gesi, hesabu ni rahisi. Kilo moja ya asetilini ni kama lita 900. Mtungi wa kilo 6 una lita 5,400 hivi. Kanuni ya zamani ilikuwa usitoe zaidi ya sehemu moja ya saba kwa saa. Siku hizi inashauriwa sehemu moja ya kumi kwa kazi ya vipindi, na chini ya hapo kwa kazi ya mfululizo. Kwa mtungi huo, sehemu ya kumi ni lita 540 kwa saa. Nozeli (kipande cha mbele cha tochi chenye tundu la kutolea moto) ya kuchomelea bati la milimita 2.5 inakula kama lita 140, kwa hiyo huna tatizo. Nozeli kubwa ya kupashia moto, ile ya kulegeza ekseli iliyokaza, inaweza kula lita 1,000 au zaidi. Mtungi mmoja mdogo hauwezi kuilisha. Dalili zake ni geji kushuka haraka kisha kupanda tena ukizima, moto kutoa rangi ya manjano isiyoeleweka, na nje ya mtungi kupoa sana. Dawa yake ni kuunganisha mitungi miwili au mitatu kwa bomba la kuunganishia lililotengenezwa kiwandani, au kutumia gesi nyingine kwa kupashia, jambo nitakalorudia mwishoni.

Usiamini geji kukuambia gesi iliyobaki. Presha ya mtungi wa asetilini hufuata joto la siku pamoja na kiasi cha gesi, na mtungi uleule utasoma tofauti alfajiri na saa nane mchana. Kipimo cha kweli ni mizani: uzito wa sasa ukitoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa begani. Mtungi ukikaribia kwisha, usiukamue hadi tone la mwisho. Funga ukiwa bado na presha kidogo ili hewa isiingie.

Tuje kwenye mpira wako. Kwa maelezo uliyotoa, sababu inayoelekea zaidi ni kwamba oksijeni iliingia ndani ya mpira wa asetilini. Oksijeni kwenye tochi mara nyingi huwa na presha kubwa kuliko asetilini, hasa kwenye kukata. Ncha ya nozeli ikizibwa na tone la chuma, au ikigusishwa kwenye kazi, oksijeni hukosa pa kutokea na hurudi nyuma kupitia chumba cha mchanganyiko hadi mpira wa pili, ule wa asetilini. Hapo moto huzimika, fundi hulalamika kuwa gesi ni dhaifu, huwasha tena bila kupuliza mipira (kuacha gesi ipite kidogo ili isukume nje mchanganyiko), na moto huingia kwenye mpira uliojaa mchanganyiko wa asetilini na oksijeni. Moto wa asetilini ndani ya oksijeni hukimbia mara mbili hata tatu zaidi ya ule wa propani, na mpira hauwezi kuuhimili. Kwa hiyo huo udhaifu wa gesi aliousema kijana ni dalili ya nozeli chafu au nozeli kubwa kuliko presha iliyopo. Kupandisha presha kumeficha dalili tu, huku mkisogea karibu na hatari ya pili.

Mtofautishe sauti mbili. Mlio mmoja wa "pa!" kwenye ncha, na moto kuzimika, ni moto kuruka nyuma kidogo: funga, safisha nozeli, poza, puliza, washa tena. Lakini ukisikia mluzi mkali unaoendelea, moshi mweusi ukitoka kwenye ncha na mpini wa tochi ukipata joto, moto unawaka ndani ya tochi. Funga oksijeni kwanza, palepale, kwa sababu ndiyo inayoulisha, kisha asetilini, kisha mitungi yote miwili. Nasisitiza mpangilio huu kwa kuwa ni kinyume cha kuzima kwa kawaida. Siku zote ukimaliza kazi, watengenezaji wengi husema funga asetilini kwanza. Wapo wanaosema oksijeni kwanza. Fuata kitabu cha tochi yako na uwe na desturi moja gerejini, si kila fundi na yake.

Mpira uliopitiwa na moto hauungwi. Ndani umeungua na kujaa masizi hata pale ambapo nje unang'aa, kwa hiyo mipira yote miwili itupwe. Na hapa niulize: kijana ameuunga kwa nini? Mara nyingi kiungo kinachopatikana haraka ni kipande cha bomba la friji, na bomba la friji ni shaba nyekundu. Asetilini ikikaa na shaba nyekundu, fedha au zebaki hutengeneza chumvi iitwayo asetilidi. Ikikauka, hulipuka kwa kuguswa, kugongwa au kusuguliwa tu. Viungo vyote vya upande wa asetilini viwe vya chuma cha pua, chuma cha kawaida, au brasi yenye shaba isiyozidi asilimia 65. Nozeli ya shaba kwenye ncha ya tochi inaruhusiwa kwa sababu gesi inapita hapo bila kutuama. Kufunga mpira kwa waya wa kufungia nondo nako kuishe. Tumia vibano vya kiwandani.

Kinachokosekana kwenye seti yako, bila shaka yoyote, ni vizuia moto. Unahitaji aina mbili. Karibu na regulata, kwa kila mtungi, kizuizi cha moto kinachozima mwale ukirudi na kukata gesi. Kwenye mpini wa tochi, vali za upande mmoja zinazozuia gesi kurudi nyuma. Vali ya upande mmoja peke yake haizimi moto, na wauzaji wengi huiuza kana kwamba inazima. Hakikisha kizuizi kina mshale wa mwelekeo na jina la gesi. Kikishapigwa na moto kirudi kwa fundi mwenye vifaa vya kukipima, au kinunuliwe kipya. Hata kisipopigwa, kipimwe kila mwaka, na watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 5 hivi. Bei yake inauma kidogo, lakini linganisha na bei ya mtungi mmoja uliojazwa.

Namna ya kuanza kazi kila asubuhi, basi, ni hii. Angalia skrubu za regulata zote mbili zimelegea. Simama pembeni, usikae mbele ya geji, na fungua mtungi wa oksijeni taratibu hadi mwisho. Fungua asetilini robo tatu ya mzunguko, kamwe isizidi mzunguko mmoja na nusu, na ufunguo wake uachwe palepale juu ya vali ili mtu yeyote aweze kuufunga kwa sekunde moja. Weka presha huku koki ya tochi ikiwa wazi, kwani presha inayopimwa gesi ikiwa imesimama hudanganya. Kisha puliza mipira, mmoja baada ya mwingine, sekunde chache kwa mipira mifupi na zaidi kwa mirefu, mahali penye hewa na pasipo na moto. Ndipo uwashe kwa kiwashio cha gumegume. Sigara na kitambaa chenye mafuta si viwashio.

Na presha gani? Hapa ndipo mafundi wetu wengi wanaponipinga. Kwa bati la milimita 2 hadi 3, bar 0.14 kwa gesi zote mbili inatosha. Kwa sahani ya milimita 5, bar 0.3 hivi. Hata milimita 10, ambayo siku hizi hakuna anayeichomelea kwa gesi, haifiki bar 0.7. Kwa kukata chuma cha milimita 12, asetilini inabaki bar 0.14 hadi 0.2, kinachopanda ni oksijeni, bar 2 hivi, na karibu bar 3 kwa milimita 25. Jedwali la mtengenezaji wa nozeli yako ndilo la mwisho, lakini hutalikuta hata moja linalotaka asetilini ya bar 2. Moto usipotulia kwa presha hizo, nozeli imeziba, au ni saizi isiyo yake, au mpira umekunjika, au mtungi unakwisha. Safisha tundu kwa sindano laini za nozeli. Msumari hulipanua na kulipinda, na tundu bovu ndilo mwanzo wa moto kurudi.

Kuvuja hupimwa kwa maji ya sabuni isiyo na mafuta, kwa brashi, kwenye kila kiungo, mtungi ukiwa wazi na tochi ikiwa imefungwa. Viungo vya asetilini vina nyuzi za kushoto na nati zake zina mikato kwenye kona. Vya oksijeni ni vya kulia. Vikikataa kuingia, usilazimishe na usipake grisi. Grisi kwenye oksijeni ya presha kubwa huwaka yenyewe. Kwa mitungi iliyofuata rangi za zamani za Kiingereza, asetilini ni rangi ya damu ya mzee na oksijeni nyeusi, ila rangi hubanduka na mitungi hupakwa upya mitaani. Soma lebo.

Mahali pa kuweka mitungi: nje, kivulini, pamezungushiwa wavu, oksijeni mbali na asetilini kwa mita 6, au patengwe kwa ukuta usioungua wa mita 1.5 kwenda juu. Hayo ni kwa mitungi ya akiba; jozi iliyo kwenye toroli kazini inaruhusiwa kukaa pamoja. Tafadhali usiiache kwenye gari lililofungwa. Fanya hesabu: gari dogo la mizigo lenye ujazo wa mita 5 za ujazo linahitaji lita 125 tu za asetilini kufika asilimia 2.5. Hiyo ni gramu 140 hivi, vali iliyofungwa vibaya inamaliza kazi hiyo kwa usiku mmoja. Asubuhi mwenye gari anabonyeza rimoti ya mlango, na mota ya kitasa inatoa cheche. Ajali za namna hiyo zimetokea Uingereza zaidi ya mara moja. Buti ya saluni ni mbaya zaidi: lita 10 zinatosha.

Mtungi ukishika moto au ukipata joto toka kwa moto wa jirani, hapo asetilini inaachana kabisa na gesi nyingine. Mtungi wa oksijeni ukiondolewa kwenye moto unaanza kupoa na hatari inapungua. Wa asetilini unaweza kuwa umeanza kuvunjika ndani, na mvunjiko huo unajizalishia joto wenyewe hata baada ya moto wa nje kuzimwa. Kama moto ni mdogo kwenye vali na unaweza kuufikia ufunguo bila kuungua, funga. Kama huwezi, ondoa watu. Ukishuku moto umerudi hadi ndani ya mtungi, funga vali na uguse bega la mtungi kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa na joto usilolielewa, usiusogeze, usiugonge, usiufungue upumue. Ondoeni watu hadi mita 200, pigeni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na waambieni waziwazi kuwa ni asetilini, kwa sababu mbinu yao inabadilika: watamwagia maji mengi toka mbali, nyuma ya kinga, kwa saa moja au zaidi, kisha watausubiri. Mtungi ukimwagiwa maji na kukauka haraka au kutoa mvuke, bado una joto. Na mtungi uliopitia hayo haurudi kazini hata ukionekana mzima.

Pipa la kabaidi. Nitakuwa mkweli: nisingerudi huko. Kabaidi ya kalisi ikikutana na maji hutoa asetilini na chokaa, na pia joto jingi. Kilo moja ya kabaidi ya dukani hutoa lita 280 hadi 300 za gesi, na joto la kutosha kupandisha maji lita 10 kwa nyuzi 40 hivi. Maji ya Mwanza ya nyuzi 25 yanafika 65 hivi. Ukitumia maji pungufu, au maji yakidondoka juu ya rundo la kabaidi kama yanavyofanya mapipa mengi ya mitaani, katikati ya rundo panawaka joto ambalo linaweza kuvunja gesi au kuiwasha ikiwa kuna hewa. Na hewa ipo, kila unapofungua na kujaza upya. Mapipa mengi hayana kizuizi cha maji, kile chombo kinacholazimisha gesi kupita ndani ya maji ili moto ukirudi uzimike hapo. Yana bomba moja kwa moja hadi kwenye mpira. Tena kuna tabia ya kuweka tofali juu ya kengele, yaani kifuniko kinachoelea na kukusanya gesi, ili presha ipande.

Kama kuna siku itakubidi, usitumie pipa la kujitengenezea. Tafuta jenereta ya kiwandani ambayo kabaidi huanguka kidogokidogo ndani ya maji mengi, lita 10 kwa kilo, yenye kizuizi cha maji na vali ya usalama. Tumia mawe, epuka unga, kwa sababu unga hutoa gesi yote mara moja. Gesi ya kwanza iachwe itoke nje bila kuwashwa, ili itoe hewa. Jenereta ikae nje, mita kadhaa toka kwenye moto. Tope la chokaa bado linatoa gesi kwa saa nyingi, na linaunguza ngozi na macho: lisimwagwe mtaroni wala kuelekezwa ziwani, bali kwenye shimo la wazi. Ngoma ya kabaidi isifunguliwe kwa patasi na nyundo, na ikishika moto isizimwe kwa maji. Ni mchanga mkavu au unga mkavu wa kuzimia. Pipa la zamani, kama bado unalo, usilichomelee kwa ajili yoyote ile. Lijaze maji hadi juu, liache, limwage, ulijaze tena, ndipo uliuze kama chakavu.

Kwa gharama, kuna njia ya maana zaidi. Gereji ya bodi kwa kawaida hutumia gesi kwa kukata na kupashia kuliko kuchomelea. Kazi hizo mbili gesi ya kupikia inaziweza: moto wa propani na oksijeni unafika nyuzi 2,800 hivi dhidi ya 3,100 na zaidi wa asetilini, unachelewa kidogo kuanza mkato, na unakula oksijeni zaidi, mara nne ya ujazo wa gesi badala ya takriban sawa kwa sawa. Hesabu oksijeni hiyo kabla ya kusherehekea. Utahitaji nozeli za propani, ambazo zina vipande viwili, regulata ya propani, na mipira iliyoidhinishwa kwa propani, kwa kuwa mpira wa kawaida wa asetilini huharibiwa nayo. Vizuia moto ni vilevile vya lazima. Kuchomelea chuma kwa propani hakufai. Huo moto unaacha kiungo dhaifu. Bati chomelea kwa mashine ya umeme ya waya, na asetilini ibaki kwa kazi ya brasi na sehemu nyembamba ambapo hakuna mbadala. Mtungi mmoja utadumu muda mrefu kuliko sasa.

Usije ukashawishika kuhamishia asetilini kwenye mtungi mtupu wa gesi ya kupikia, hata kidogo, hata kwa presha ya chini. Mtungi ule hauna kiini wala asetoni. Na mtungi wako wa sasa, kama umewahi kutumiwa ukiwa umelala, urudishe kwa aliyekujazia na umweleze hivyo, ili upimwe uzito na kuongezwa asetoni kabla ya kujazwa tena.